Tunajuaje kama gesi iliyo kwenye kiini cha galaksi inaingia au inatoka?

Mwanga_wa_Kusini aliuliza:

Habari za wakati huu, ndugu wanajukwaa. Ninaandaa kazi ya mwaka wa mwisho ya shahada ya fizikia, na galaksi niliyoichagua ni NGC 1097, iliyo katika kundinyota la Tanuri, umbali wa takriban miaka nuru milioni 45 kutoka kwetu. Nimepakua data za gesi ya monoksidi ya kaboni kutoka hifadhi ya darubini ya ALMA, iliyoko katika jangwa la Atacama nchini Chile. Data hizo huwa wazi kwa mtu yeyote baada ya muda wa haki ya waliozipima kwisha, nami nimezifungua kwa programu ya CARTA. Mstari wa gesi hiyo, yaani mawimbi ya redio inayoyatoa kwa masafa yake maalumu, ambao maabara huuweka kwenye masafa ya gigahezi 230.538, nimeukuta karibu na gigahezi 229.6, jambo linalolingana na galaksi inayojitenga nasi kwa takriban kilomita 1,270 kwa sekunde.

Baada ya kuondoa kasi hiyo ya galaksi nzima, nimepata ramani ambayo nusu yake ni nyekundu, yaani gesi inatukimbia, na nusu ni buluu, yaani gesi inatujia. Mpaka kati ya rangi hizo mbili, ambao nilitarajia unyooke, unajipinda kama herufi S unapokaribia katikati. Katika makala ninazosoma, watafiti hutazama ramani za aina hii na kuandika kwamba gesi inaingia kwenye kiini. Kuhusu galaksi nyingine, kama NGC 1068, huandika kwamba gesi inatoka kwa nguvu. Mimi naona nyekundu na buluu tu. Naomba kueleweshwa: ni kitu gani ndani ya ramani kinachomruhusu mtu kusema "inaingia" au "inatoka"? Na je, huo mpindo wa S peke yake unatosha?

Mpima_Spektra alijibu:

Ndugu, umegusa penyewe, kwa sababu kosa la kawaida katika kazi hizi ni mtu kuisomea ramani maana ambayo ramani yenyewe haina.

Anza na kile kilichopimwa. Athari ya Doppler, yaani kusogea kwa mstari kunakotokana na mwendo wa gesi, inakupa sehemu moja tu ya kasi, ile iliyo kwenye mstari unaotoka kwetu hadi kwenye gesi. Gesi inayokwenda kushoto au kulia angani haituonyeshi badiliko lolote tunaloweza kulipima. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nyekundu na buluu unayoiona ni mzunguko wa kawaida wa kisahani cha gesi kukizunguka kiini, na mzunguko mtupu hauingizi kitu wala hautoi kitu. Mwendo unaoutafuta umefunikwa na mzunguko huo, nao ni mdogo kuliko mzunguko mara kadhaa. Njia ya kuufikia ni kutengeneza mfano wa kisahani kinachozunguka tu, kuutoa kwenye ulichopima, kisha kuyachunguza mabaki. Programu ya 3D-Barolo inafaa kwa kazi hiyo, kwa kuwa inalinganisha mfano wake na mchemraba mzima wa data, yaani picha za gesi kwa kila kasi, badala ya ramani iliyokwisha kufupishwa. Hilo lina uzito mkubwa karibu na kiini, ambako uwezo wa darubini kutenganisha vitu unafikia kikomo, na pikseli moja hubeba gesi inayotujia pamoja na inayotukimbia.

Ukishapata mabaki, elekeza macho kwenye mhimili mfupi wa kisahani, yaani ule unaokata katikati ya nyekundu na buluu. Hapo mzunguko hauchangii chochote kwenye kasi tunayoipima, kwa sababu gesi inayozunguka inapopita hapo inakwenda kwa upande. Kama bado unaona kasi juu ya mhimili huo, gesi hiyo ama inasogea kuelekea kiini au kutoka humo, ama inapanda au kushuka kutoka kwenye kisahani.

Hatua inayofuata ndiyo inayoamua kila kitu, na ndiyo ambayo ramani yako haikuonyeshi: ni upande gani wa kisahani ulio karibu nasi? Chukua sinia, uliinamishe mbele yako, kisha ufikirie punje ya mchele inayosogea kuelekea katikati. Ikiwa punje iko kwenye ukingo ulio karibu nawe, inakwenda mbali nawe. Ikiwa iko kwenye ukingo wa mbali, inakujia. Kwa gesi ni vivyo hivyo: mabaki mekundu kwenye upande wa karibu pamoja na mabaki ya buluu kwenye upande wa mbali yanamaanisha gesi inaingia, mradi imo ndani ya kisahani. Ukiukosea upande, utaandika kinyume kabisa cha ukweli kwa kutumia namba zilezile.

Ili kuujua upande, tafuta picha ya mwanga wa kawaida na uangalie vumbi. Vumbi lililo upande wa karibu linasimama mbele ya nyota nyingi za katikati ya galaksi, kwa hiyo linaonekana jeusi zaidi. Lililo upande wa mbali lina nyota nyingi mbele yake, nalo hufifia. Ushahidi wa pili ni mikono ya galaksi, ambayo kwa kawaida hujisokota ikiburutwa nyuma ya mzunguko. Ukijua upande upi unatujia na mikono imejipinda vipi, unaweza kukisia mwinamo, kisha ulinganishe na vumbi. Vikikubaliana, endelea na kazi.

Galaksi yako ina historia nzuri katika jambo hili. Mwaka 1991 Thaisa Storchi-Bergmann wa Brazil aligundua kwamba mstari wa haidrojeni wa kiini chake ulikuwa umepanuka hadi maelfu ya kilomita kwa sekunde na kugawanyika kuwa vilele viwili, dalili ya gesi inayozunguka shimo jeusi kwa karibu mno. Mwaka 2005 picha za darubini ya VLT zilionyesha nyuzi za vumbi na gesi zikijisokota kutoka kwenye pete ya nyota changa hadi karibu na katikati. Mwaka uliofuata Kambiz Fathi na wenzake wakapima kasi kwa darubini ya Gemini Kusini, wakatoa mzunguko, na mabaki yakafuata nyuzi zilezile. Kulingana huku kwa umbo na mwendo kunashawishi zaidi kuliko rangi za ramani peke yake.

Kilimia alijibu:

Nakubaliana na maelezo ya Ndugu Mpima_Spektra, ila swali la mpindo wa S halijajibiwa, na mimi nalijibu moja kwa moja: hapana, hautoshi.

Mpindo huo unaweza kuletwa na mambo matatu yaliyo tofauti kabisa. La kwanza ni gesi kuingia au kutoka. La pili ni kisahani chenyewe kuwa kimekunjika, yaani sehemu ya ndani ina mwinamo tofauti na ya nje, hivyo gesi yote inazunguka kwa utulivu lakini mpaka wa rangi unapinda. La tatu, ambalo katika NGC 1097 huwezi kulikwepa, ni ufito wa nyota unaokatiza katikati ya galaksi. Ufito huo unailazimisha gesi ipite njia zenye umbo la yai badala ya duara, na gesi iliyo kwenye njia ya yai husogea kuelekea kiini kwa sehemu ya mzunguko na kujitenga nacho kwa sehemu iliyobaki. Mabaki yako yatajaa kasi za kuingia na za kutoka, ilhali mwisho wa hesabu hakuna hata gramu moja iliyobaki ndani.

Kipimo cha kwanza ni nyota. Galaksi yako imekwisha kupimwa kwa kifaa cha MUSE cha darubini ya VLT, ambacho kwa mtazamo mmoja hutoa spektra zipatazo 90,000, yaani mwanga uliotawanywa kwa rangi zake, na data ziko wazi kwenye hifadhi ya ESO, shirika la Ulaya linaloendesha darubini hiyo. Nyota hazigongani wala hazipotezi nishati kama gesi. Ukikuta mpaka wa kasi wa nyota umenyooka huku wa gesi umepinda, unaweza kuamini kwamba gesi inafanya jambo lake yenyewe. Ukikuta vyote viwili vimepinda kwa namna moja, tatizo liko kwenye umbo la galaksi na mvutano wake.

Kipimo cha pili ni kigumu zaidi, na kwa maoni yangu ndicho kinachostahili kuitwa ushahidi. Mradi wa NUGA, uliotumia darubini za redio za Plateau de Bure kwenye milima ya Alps nchini Ufaransa, uliacha kuitegemea kasi peke yake. Watafiti wake walichukua picha za nyota katika mwanga ulio chini ya wekundu, wakakokotoa mvutano unaotokana na nyota hizo, kisha wakauliza: mahali gesi ilipo, mvutano huo unaiongezea mzunguko au unaipunguzia? Ikipunguziwa, itashuka kuelekea kiini. Ikiongezewa, itasukumwa nje. Françoise Combes na wenzake walipoitumia njia hiyo kwa NGC 1566 mwaka 2014, kwa data za ALMA, walikuta gesi ya ndani kabisa imejipanga kwenye mkono mdogo uliojisokota, na mvutano unaipokonya mzunguko wake. Walistahili kuandika kwamba kiini kinalishwa. Katika galaksi nyingine za mradi wa NUGA hesabu hiyohiyo ilionyesha gesi inazuiwa, ingawa viini vyake ni amilifu, yaani vinang'aa kwa sababu shimo jeusi linalishwa.

Mwanga_wa_Kusini alijibu:

Nawashukuru sana wote wawili. Nimeangalia picha za vumbi na mikono, vimekubaliana juu ya upande wa karibu, na mabaki kwenye mhimili mfupi yana makumi ya kilomita kwa sekunde kwa mwelekeo wa kuingia. Data za MUSE nitazipakua wiki hii. Msimamizi wangu ameniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: ikiwa kweli gesi inaingia kwa kasi hiyo, je, shimo jeusi linaihitaji yote? Naomba msaada hapo pia.

Bi_Nyota alijibu:

Mwanangu, msimamizi wako amekuuliza jambo jema, nalo lina hesabu fupi ambayo inafaa uifanye kwa mkono kabla ya kufungua programu yoyote.

Tuanze na mahitaji. Gesi inayoanguka kwenye shimo jeusi hugeuza takriban asilimia 10 ya tungamo lake kuwa nishati. Kiini amilifu cha wastani, chenye mng'aro wa wati 10 kwa kipeo cha 37, yaani kama Jua bilioni 26, kinaridhika na gesi isiyozidi takriban 0.02 ya tungamo la Jua kwa mwaka. Kiini cha NGC 1097 ni hafifu kuliko hicho, kwa hiyo mahitaji yake ni madogo zaidi.

Sasa tukadirie kinachoingia. Tuseme una gesi yenye tungamo la Jua mara milioni moja, iko miaka nuru 326 kutoka katikati, na inasogea ndani kwa kilomita 20 kwa sekunde. Zidisha tungamo kwa kasi, ugawanye kwa umbali, na utapata takriban 0.2 ya tungamo la Jua kwa mwaka. Hiyo ni mara kumi ya mahitaji ya kiini kinachong'aa kuliko cha kwako, na nimetumia kiasi cha gesi ambacho si kikubwa kwa viini vya aina hii. Kwa hiyo jibu la msimamizi wako ni kwamba shimo jeusi haliihitaji yote, wala haliipati yote. Miaka nuru 326 bado ni mbali mno.

Kinachoizuia ni momentamu ya mzunguko, yaani kiasi cha mzunguko ambacho gesi haiwezi kukiacha mpaka kitu kingine kikichukue. Gesi iliyo miaka nuru 3,000 kutoka katikati na inayozunguka kwa kilomita 200 kwa sekunde haiwezi kufika umbali wa mia moja ya mwaka nuru bila kupoteza zaidi ya asilimia 99.9 ya momentamu hiyo. Hakuna nguvu moja inayoifanya kazi yote. Ufito wa galaksi huishusha gesi hadi kwenye pete, na hapo nyingi hukwama na kuzaa nyota. Pete unayoiona kwenye data zako, yenye upana wa takriban miaka nuru 5,000, ni akiba ya gesi iliyokwama. Kutoka kwenye pete, mikono midogo ya ndani huchukua zamu na kuishusha sehemu ndogo tu. Chini ya hapo tulikuwa tukikisia kwa miaka mingi, kwa kuwa darubini hazikuweza kutenganisha umbali wa miaka nuru michache.

Ndiyo maana kazi ya Takuma Izumi na wenzake juu ya galaksi ya Circinus, iliyochapishwa mwaka 2023, ilinifurahisha mno. Galaksi hiyo iko jirani, takriban miaka nuru milioni 14, na ALMA iliweza kuona ndani ya miaka nuru michache ya kiini. Tazama jinsi walivyoliepuka swali la upande wa karibu na upande wa mbali: walitumia gesi inayomeza mwanga wa kiini badala ya gesi inayong'aa yenyewe. Gesi inayokata mwanga wa kiini lazima iwe imesimama kati yetu na kiini, hakuna namna nyingine. Kivuli hicho kilikuwa kimesogea kuelekea wekundu, kwa hiyo gesi iliyo mbele ya kiini ilikuwa ikitukimbia, na kukimbia kwake kunaelekea kwenye kiini. Walipokokotoa, waligundua kwamba isiyozidi asilimia 3 ya gesi inayoingia ndiyo inayolisha shimo jeusi. Iliyobaki hurudishwa nje, na nyingi kati ya hiyo haina kasi ya kutosha kuondoka, hivyo hurejea kwenye kisahani.

Kwa hiyo katika kazi yako andika kwamba umepima gesi inayopita kwenye umbali fulani kwa kiwango fulani. Usiandike kwamba umepima mlo wa shimo jeusi, kwa sababu kati ya umbali wako na shimo hilo kuna mambo mengi yanayotokea.

Mpima_Spektra alijibu:

Naomba kuongezea jambo ambalo Bi Nyota ameligusa kwa upande, nalo ni kwamba kuingia na kutoka mara nyingi hutokea katika galaksi moja kwa wakati mmoja, na unachokiona hutegemea gesi uliyoichagua.

NGC 1068, uliyoitaja kwenye swali lako, ilikuwa ya kwanza kutoa dalili za kiini amilifu: Edward Fath aliiona mistari yake inayong'aa mwaka 1908, Vesto Slipher akaona mwaka 1917 kwamba mistari hiyo ni mipana isivyo kawaida, na mwaka 1943 Carl Seyfert akaiweka kwenye kundi ambalo leo lina jina lake. Ukiipima kwa mstari wa oksijeni wa nanomita 500.7, unaona gesi ya moto ambayo atomi zake zimepokonywa elektroni na mwanga wa kiini, nayo imejipanga kama koni mbili na kukimbia kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita 1,000 kwa sekunde. Ukiipima kwa monoksidi ya kaboni, unaona kisahani baridi kinachozunguka, ambacho sehemu yake imekokotwa nje na mtiririko huo. Ukiingia hadi miaka nuru michache kutoka katikati, kazi ya Violette Impellizzeri na wenzake ya mwaka 2019 inaonyesha gesi ya ndani na ya nje zikizunguka kwa pande zinazopingana. Mtafiti anayetazama mstari mmoja tu angeeleza galaksi nyingine kabisa.

Katika NGC 4151 ni dhahiri zaidi. Kwa kutumia kifaa kimoja, NIFS cha darubini ya Gemini Kaskazini, ilionekana kwamba gesi ya moto inatoka kwa mamia ya kilomita kwa sekunde ndani ya koni, huku molekuli za haidrojeni, zinazong'aa kwenye mikromita 2.12, zikibaki kwenye sakafu ya galaksi na kuikwepa koni hiyo. Kwa hiyo mstari wako wa monoksidi ya kaboni unakuonyesha mahali ambapo kuingia kunawezekana. Usiutumie kukataa kwamba kuna kitu kinachotoka.

Kuna onyo jingine, hasa ikiwa utashawishika kukokotoa tungamo la shimo jeusi kutokana na mzunguko wa gesi. Katika NGC 4258 jambo hilo lilifanyika kwa usafi wa ajabu. Mwaka 1995 Makoto Miyoshi na wenzake walipima mawimbi makali ya molekuli za maji, kwenye gigahezi 22.2, yanayotoka kwenye kisahani chembamba kinachozunguka kwa takriban kilomita 1,000 kwa sekunde, na kasi ikapungua kadiri umbali unavyoongezeka kwa kanuni ileile ya Kepler inayoziongoza sayari. Tungamo lililotoka linakaribia milioni 39 ya Jua, na leo ni miongoni mwa vipimo vinavyoaminika kuliko vyote.

Katika M87 mambo yalikuwa tofauti. Darubini ya Hubble iliona mwaka 1994 kisahani cha gesi ya moto kinachozunguka kwa takriban kilomita 550 kwa sekunde, na vipimo vya gesi vikaendelea kutoa tungamo la karibu bilioni 3 au zaidi kidogo, ilhali mwendo wa nyota ulitoa zaidi ya bilioni 6. Picha ya mwaka 2019 ya shimo jeusi lenyewe ilitoa bilioni 6.5, ikawaunga mkono waliopima nyota. Gesi inasukumwa na mwanga, na mkondo wa plazma unaorushwa kutoka kwenye kiini, na msukosuko wake yenyewe. Nyota hutii mvutano tu.

Mwanga_wa_Kusini alijibu:

Nimeelewa sasa kwa nini ramani moja haikunitosha. Swali la mwisho: nikiwa na nafasi ya kuongeza mstari mmoja tu wa gesi kutoka hifadhi ya ALMA, niongeze upi?

Kilimia alijibu:

Ongeza sianidi ya haidrojeni, HCN. Monoksidi ya kaboni hung'aa hata katika gesi isiyosongamana sana, kwa hiyo ramani yako imechanganya gesi iliyotulia kwenye kisahani na ile inayobanwa na mikono ya ndani. HCN huhitaji gesi iliyosongamana zaidi ili ing'ae vizuri, na katika viini vya aina hii huonekana kwa nguvu karibu kabisa na katikati.

Tumia kisahani chenye kitovu kilekile na mwinamo uleule ulioupata kwa monoksidi ya kaboni, usiiruhusu programu iubadilishe, kisha linganisha mabaki ya mistari yote miwili kwenye mhimili mfupi, pikseli kwa pikseli, baada ya kusawazisha ukali wa picha. Ikiwa mabaki ya HCN yana mwelekeo uleule na yanafuata nyuzi za vumbi, fanya hesabu ya Bi Nyota kwa kila umbali, kuanzia kwenye pete hadi kwenye pikseli ya mwisho unayoiamini. Ikiwa yanapingana, rudia kwanza kitovu ulichokichagua, kwa sababu kosa la pikseli moja kwenye kitovu linatosha kuzalisha mabaki yanayofanana kabisa na gesi inayoingia.

Data za nyota zikishakuwa tayari, weka ramani zake hapa tuzitazame pamoja.